Solusheni Iliyokauka: Historia Ndani ya Kiboksi cha Pancha

Mwezi uliopita mwanangu alirudi kutoka shule akiikokota baiskeli. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chini kama chapati, na yeye mwenyewe kanuna. Fundi wetu wa mtaani, ambaye kijiwe chake kipo chini ya mwarobaini tangu sijahamia hapa, alikuwa amesafiri kwenda kwao msibani. Nikasema moyoni, hivi mtu mzima kama mimi nitashindwa kuziba pancha? Nikaenda dukani kununua vifaa.

Muuzaji akaniwekea viboksi viwili mezani. Kimoja elfu mbili, kina viraka lukuki, msasa, solusheni na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Kingine elfu tano, kina viraka sita, kipande cha msasa na solusheni, basi. "Chukua hiki cha elfu mbili mzee, kina kila kitu," akanishauri. Ni kweli kilikuwa na kila kitu. Lakini kabla sijatoa hela, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye solusheni, ile gundi inayokaa kwenye kibati laini kama cha dawa ya meno, ukaiminya. Ilikuwa ngumu. Nikaiminya ya pili. Hiyo ikabonyea vizuri. Nikalipa elfu tano nikaondoka, na njiani nikajikuta namuwaza marehemu baba. Yeye ndiye aliyekuwa akiminya solusheni dukani kabla ya kulipa, kila mara, mbele ya watu, bila aibu.

Najua msomaji utaniuliza: fasihi na pancha wapi na wapi? Vuta subira. Nilipofika nyumbani nilikimwaga kile kiboksi juu ya meza, nikaanza kujiuliza kila kimoja kilichomo kimetoka wapi. Majibu yalinipeleka Belfast, yakanipitisha Ufaransa, yakanifikisha kwenye msitu wa Kongo na kwenye riwaya ambayo wengi wenu mmeisoma. Lakini nianze na usiku ule.

Ilikuwa masika ya mwaka 1983, kijijini Shinyanga. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na baiskeli ya Phoenix, ile nyeusi yenye fremu ya bomba mbili. Wakati huo kila kitu kilikuwa cha foleni: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Tairi na tyubu ndiyo usiseme. Kwa hiyo watu walitunza tyubu moja miaka na miaka, kiraka juu ya kiraka. Baba alikuwa na kopo la bati la kahawa ambamo aliweka vipande vya tyubu kuukuu, mkasi na solusheni moja.

Usiku huo mama akashikwa na uchungu. Zahanati ilikuwa mbali, na usafiri ulikuwa ni ile Phoenix. Mama akakaa kwenye kerea, baba akawa anasukuma, mimi mtoto wa miaka tisa nikatangulia na tochi. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia tairi la nyuma likapigwa mwiba wa mgunga. Baba hakushtuka. Akamteremsha mama taratibu, akabandua tairi kwa mpini wa kijiko, akalipata tundu kwa kusikiliza upepo karibu na shavu lake, akakwangua. Kisha akafungua solusheni, akaminya. Hakikutoka kitu. Aliifungua miezi kadhaa nyuma, akaifunga vizuri kabisa, nayo ikakauka humohumo ndani. Nilimmulikia tochi wakati anaikata kile kibati kwa mkasi. Ndani kulikuwa na kipande kikavu cha mpira, kama ulimi wa kuku.

Akaifunga tyubu kwa kamba ya katani pande mbili za tundu, akajaza upepo, ikashika kidogo, ikaachia. Mwishowe akang'oa majani akayashindilia ndani ya tairi, tukaendelea kwa kukokota. Hatukufika zahanati. Dada yangu alizaliwa kwenye nyumba ya bibi mmoja kando ya barabara, mikononi mwa yule bibi, na mimi nikiwa nje na baiskeli. Wote wawili walitoka salama. Ana jina lake zuri la ubatizo, lakini nyumbani mpaka leo tunamwita Pancha.

Sasa hebu tuingie kwenye kiboksi.

Kwanza, kwa nini tairi lina upepo? Wa kwanza kulifikiria jambo hili na kulisajili alikuwa Mskoti aitwaye Robert William Thomson, kijana wa miaka 23, mwaka 1845 jijini London. Alichukua mrija wa turubai na mpira, akaufunika kwa ngozi, akaujaza hewa na kuufunga kwenye magurudumu ya gari la farasi. Lilikwenda kimya na bila kutikisa. Lakini baiskeli tunayoijua ilikuwa haijazaliwa, magari hayapo, na mpira ulikuwa ghali. Wazo likalala zaidi ya miaka 40.

Aliyeliamsha hakujua kwamba lilikuwa limelala. John Boyd Dunlop, Mskoti mwingine, alikuwa daktari wa mifugo pale Belfast. Mtoto wake wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyomrusharusha kwenye barabara za mawe. Kati ya mwaka 1887 na 1888 baba mtu akatengeneza mirija ya mpira, akaijaza hewa na kuizungushia kitambaa kwenye magurudumu. Mwezi Mei 1889, mwendeshaji aitwaye Willie Hume akashiriki mashindano Belfast kwa baiskeli yenye tairi hizo, akashinda. Baada ya hapo kila mtu akazitaka. Hati ya usajili ya Dunlop ilibatilishwa baadaye ilipogundulika kwamba Thomson alimtangulia, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Dunlop.

Ukiweka upepo ndani ya kitu, umeshakaribisha mwiba. Tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye rimu kwa gundi. Likitoboka ulihitaji karakana, muda na usiku mzima wa kusubiri gundi ikauke. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika kwenye kiwanda cha bidhaa za mpira cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin, huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na tairi la namna hiyo limetoboka. Walihangaika nalo saa nyingi, wakaliacha likauke mpaka kesho yake, Édouard akapanda kulijaribu, na baada ya mwendo mfupi likaisha upepo tena. Lakini alikuwa ameshaonja raha ya kukalia upepo. Mwaka 1891 wakasajili tairi linaloweza kubanduliwa kwenye rimu na kurudishwa.

Mwaka huohuo Charles Terront alipanda baiskeli yenye tairi hizo katika mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200. Alipata pancha kadhaa njiani, zikazibwa, akaendelea, akamaliza wa kwanza kwa kama saa 71. Mwaka uliofuata ndugu hao wakaandaa mashindano ya Paris hadi Clermont-Ferrand na kumwaga misumari barabarani kwa makusudi, ili watu waone tairi likizibwa na safari ikiendelea. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Huku kwetu mtu akimwaga misumari barabarani tunajua ni fundi pancha ana njaa.

Lakini utani pembeni, hapo ndipo kiboksi changu kilipozaliwa. Tangu siku tairi lilipoweza kubanduliwa kwa mkono, kuziba pancha kulitoka karakana kukaenda kwa mwenye baiskeli. Kiraka, msasa na gundi vikaingia mfukoni. Mwalimu wa kijijini Shinyanga aliweza kupiga magoti njiani usiku na kujaribu mwenyewe. Alishindwa, lakini aliweza kujaribu.

Alishindwa kwa sababu ya gundi, na gundi nayo ina kisa chake. Mpira mbichi ni utomvu tu: kwenye joto unanata, kwenye baridi unakakamaa. Mmarekani Charles Goodyear aliuhangaikia miaka mingi, akafilisika, akafungwa kwa madeni. Mwaka 1839 akagundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, unabadilika kabisa: unavutika na kurudi, haunati tena wala haukakamai. Thomas Hancock wa Uingereza akaifanyia kazi njia hiyo na kuwahi kuisajili kwao, na rafiki yake mmoja akaipa jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiacha madeni makubwa. Kampuni maarufu ya tairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine, ikamuenzi kwa jina tu.

Ukitaka kuuona ugunduzi wa Goodyear kwa macho, simama kwa fundi pancha wa barabarani, wale wa malori na bodaboda. Anabana tyubu na kiraka kibichi kwenye chuma kilichotengenezwa kwa pistoni kuukuu, anamimina mafuta kidogo juu yake na kuwasha moto. Moto ukizimika, kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Ni jambo lilelile la mwaka 1839, chini ya mwembe.

Na sisi wa nyumbani tusio na pistoni? Mwaka 1846 Mwingereza Alexander Parkes aligundua njia ya kuubadilisha mpira bila moto, kwa kemikali. Viraka vizuri vya leo vinafuata wazo hilo kwa kemikali nyingine zilizo salama zaidi. Upande wa chini wa kiraka, ule uliofunikwa kwa karatasi ya fedha, ni mpira ambao haujakamilika. Solusheni inabeba kinachohitajika ili ukamilikie palepale juu ya tyubu yako. Ndiyo maana si gundi ya kawaida, na ndiyo maana gundi ya kubandikia kikombe kilichovunjika haikufai: inakuwa ngumu kama kioo, tyubu ikijivuta inapasuka. Solusheni imeyeyushwa kwenye kimiminika kinachoruka hewani upesi. Ukishaifungua, hata ukiifunga kwa nguvu za Samsoni, inaanza safari ya kukauka. Baba hakufanya kosa lolote usiku ule, ila hakuwa na njia ya kujua.

Sasa tufike mahali ambapo kiboksi hiki kilianza kunielemea mkononi.

Tairi zilipopata umaarufu, dunia nzima ilitaka mpira kwa mara moja. Mashamba ya mipira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mti wa mpira unachukua miaka kabla ya kugemwa. Mpira wa haraka ulikuwa msituni, Amazoni na Afrika. Huku kwetu ulitoka kwenye mtoria, mmea unaopanda juu ya miti mingine. Aina moja ya pwani yetu ina jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, na mpira wa Mrima ulikuwa ukipitia soko la Zanzibar kabla hata ya Dunlop. Lakini penye mimea hiyo kwa wingi kuliko kote ni Kongo, na Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji.

Mwaka 1890 Józef Konrad Korzeniowski, baharia wa Kipolandi, alifika Kongo kufanya kazi kwenye meli ya mtoni. Sisi tunamjua kwa jina la Joseph Conrad. Alipochapisha Heart of Darkness mwaka 1899, mali inayowatia watu wazimu katika hadithi yake ilikuwa pembe za ndovu. Nimekisoma kitabu hicho mara tatu, na ni juzi tu, mbele ya viraka sita, nilipojiuliza: mbona mpira haumo? Jibu ni la tarehe. Conrad aliiona Kongo ya mwaka 1890, na mwaka huo mpira uliosafirishwa kutoka huko haukufika tani 200. Mwaka 1901 ulifika kama tani 6,000. Kati ya safari yake na kitabu chake, baiskeli zilikuwa zimeingia mjini. Giza alilolieleza liliongezeka yeye akiwa ameshaondoka.

Namna ulivyopatikana mpira huo haisomeki kwa urahisi. Kila kijiji kilipangiwa kiasi. Wanaume wakapelekwa msituni, wake zao wakashikwa mateka mpaka mpira ufike. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa aliyeuawa. Kuna waliokatwa wakiwa hai. Mwezi Mei 1904, pale Baringa, mmishenari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aitwaye Nsala wa kijiji cha Wala. Amekaa barazani anatazama mkono na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Ni vya binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Sitaieleza zaidi picha hiyo. Aliyeiona hahitaji, na asiyeiona ataijua siku akiiona.

Kati ya waliopaza sauti alikuwemo Roger Casement, balozi wa Uingereza huko Kongo, ambaye ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Casement na Conrad walikutana Matadi mwaka 1890 na kukaa pamoja kwa siku kadhaa. Na Casement alikuwa mwana wa Ireland aliyelelewa jimbo la Antrim, jirani kabisa na Belfast ya Dunlop. Tairi lilianzia kwao, naye akaenda kuona mwisho wake mwingine. Mark Twain aliandika juu ya Leopold mwaka 1905, Arthur Conan Doyle mwaka 1909. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Hata hivyo, bei ya mpira wa msituni ilikuja kuangushwa na mbegu. Mwaka 1876 Henry Wickham alikuwa amesafirisha mbegu 70,000 za mpira kutoka Brazili hadi London, na watoto wa mbegu hizo wakajaza mashamba ya Malaya na Ceylon. Mashamba hayo yalipoanza kutoa utomvu kwa wingi, bei ikaporomoka. Mwaka 1913 iliwakumba hata Wajerumani waliokuwa wamepanda mipira kule Muheza na Tanga, mashamba yakaachwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza wakayakumbuka mashamba yaleyale yaliyoota vichaka, na watu wa Tanganyika wakapelekwa kuyagema kwa kazi ya lazima. Leo tyubu nyingi si za utomvu tena, ni za mpira wa viwandani uliogunduliwa miaka ya 1930 Marekani.

Ajabu ni kwamba sisi tuna neno moja kwa yote hayo. Mti ni mpira, utomvu ni mpira, bomba la kumwagilia bustani ni mpira, na jioni watoto wanacheza mpira.

Kwa hiyo nikikuambia kiboksi cha pancha ni cha bei rahisi, namaanisha rahisi kwangu mimi ninayenunua sasa. Sisemi tukinunue kwa majonzi. Nasema tusikitumie ovyo, na tusinunue kile kitakachotuangusha kwa sababu kina viraka vingi. Haya ndiyo niliyojifunza, nusu kwa baba, nusu kwa kuharibu.

Anza na solusheni. Iminye. Ikiwa ngumu, iache hata kama kiboksi kizima ni cha bure. Mdomo wake uwe bado umezibwa, haujatobolewa. Vijisolusheni viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana utafungua kimoja na kingine kitabaki kizima. Viraka viwe na karatasi ya fedha chini, na kingo zake ziwe nyembamba kuliko katikati. Vile vya kubandika tu bila gundi vitakufikisha nyumbani, usivitegemee zaidi ya hapo. Viraka sita vizuri ni vingi. Msasa hata wa seremala unafaa. Vyuma vya kubandulia vya bei chee hupinda siku ya kwanza, na mpini wa kijiko cha zamani haujawahi kumwangusha mtu.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Tyubu ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji, fuata mapovu. Ikaushe kabisa. Kwangua kwa msasa mpaka mng'ao utoke. Paka solusheni nyembamba, eneo kubwa kuliko kiraka, kisha usiguse. Hapa ndipo wengi tunapoharibu: tunabandika ikiwa mbichi. Isubiri dakika kama tano mpaka iache kung'aa, ndipo ukandamize kiraka kwa nguvu zako zote. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba bado umo, unakusubiri. Kwa tairi za gari na pikipiki zisizo na tyubu, vipo viboksi vya nyuzi za mpira zinazosokomezwa kwenye tundu. Zinafaa sehemu inayokanyaga barabara tu, kamwe si ubavuni, na ukishatoka hapo mpelekee fundi.

Nilimwita mwanangu, tukaziba pamoja uani. Alitaka kubandika mara moja, nikamwambia hesabu mpaka mia tatu. Akahesabu, akikosea njiani na kuanza upya. Kiraka kikashika. Jioni nikampigia simu dada nikamsimulia yote, Conrad na Casement na Leopold. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na hiyo solusheni, uliiminya kwanza?"

Baba, baada ya usiku ule, alikuwa akiandika kwa kalamu juu ya kila solusheni siku aliyoifungua, na ikipita miezi mitatu anainunua nyingine hata kama hii inabonyea bado. Nilikuwa nikiona ni ubahili wa kinyume. Kabla sijalala nilikifuata kile kiboksi kabatini, nikaandika tarehe.